Kipande cha nta na mguu wa mama

Ni sista mmoja wa kituo cha afya kule kwetu Rungwe aliyeniambia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu wa mama, analowanisha shashi ya juzi kwa maji ya chumvi ili isivute nyama, na mimi nimemshikia tochi ya simu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Shashi ilipotoka hakuchukua nyingine. Akabaki anakitazama kidonda, kisha akasema polepole, "Mwalimu, nimefunga vidonda miaka kumi na tisa. Hiki kinanikataa."

Nikamwambia kipimo kilishafanyika, majibu yalikuja mwezi wa nne, hakuna saratani.

"Karatasi niliiona. Lakini leta tochi hapa. Unauona huu ukingo?"

Nikauona. Ulikuwa umeinuka na kukunjika kuelekea nje kama mdomo wa chungu, mgumu, na upande mmoja nyama ilikuwa imechanua vidonge vidogo vinavyotoa damu vikiguswa kidogo tu. Harufu sikuhitaji kuonyeshwa. Wiki tatu nilikuwa nikifungua madirisha ya chumba cha mama bila kumwambia ni kwa nini.

Hiyo ilikuwa Julai 2022. Nimechelewa kuandika habari hii kwa sababu ni ya mama na si yangu. Sasa ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la hospitali yoyote tuliyopita. Alisema waliotukosea na waliotusaidia wote bado tunawahitaji.

Kovu lenyewe ni la mwaka 1959. Mama alikuwa na miaka sita. Anayeijua baridi ya Tukuyu ya mwezi wa saba anajua watoto walivyokuwa wakilala jikoni, wamezunguka mafiga kama vifaranga. Alijigeuza usingizini, mguu wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Hospitali ilikuwa mbali, bibi akamuuguza nyumbani kwa asali na majani ya mgomba yaliyopashwa moto. Kidonda kilichukua miezi mingi kufunga, na kilipofunga kiliacha ngozi nyembamba, inayong'aa, iliyovuta kutoka nyuma ya goti hadi karibu na kifundo, kiasi kwamba mama hajawahi kuunyoosha mguu ule ukanyooka kabisa. Alilima nao. Alichuma chai nao, akabeba mikungu ya ndizi hadi barabarani kwa miaka arobaini. Sisi wanawe tuliliona kovu lile kama tunavyoliona paji la uso wake, ni yeye.

Agosti 2021 alijikwaruza kwenye kisiki cha mchai. Kidonda cha ukubwa wa kucha. Mwezi ukapita, hakijafunga. Akapewa vidonge, akapewa vingine, akapimwa sukari, haina tatizo. Majirani wakasema ni donda ndugu, wakaleta majani. Kufikia Krismasi kilikuwa kama kizibo cha soda, na kufikia Machi 2022 kiganja cha mtoto kisingekifunika.

Ndipo tukaenda hospitali moja kubwa wakamkata kinyama cha kupima. Nilikuwepo. Foleni ilikuwa imejaa hadi nje na daktari kijana alikuwa peke yake. Alichagua katikati ya kidonda, pale palipo laini, ili mama asiumie. Akakata kidogo, akatia kwenye kichupa, akaandika fomu, akatuaga kwa upole kabisa. Mama alimshukuru sana kwa mkono wake mwepesi. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Mbeya mjini, mwaka wa kumi na nne sasa. Nilitazama kisu kikichukua kinyama pale katikati na sikuuliza lolote.

Majibu yalichukua wiki tano. Yalisema ni kidonda cha muda mrefu chenye maambukizi, na chembe za saratani hazikuonekana. Nilisoma karatasi ile nikiwa nimesimama kwenye kibaraza cha maabara, nikalia, nikampigia kaka. Jumamosi mama akachinja jogoo. Leo nikiitazama ile sentensi naona neno nililoliruka. Waliandika "hazikuonekana". Mimi nikasoma "hazipo".

Usiku ule baada ya maneno ya sista sikulala. Nilisoma. Nikakuta kwamba vidonda vinavyozuka juu ya makovu ya zamani ya moto vinajulikana kwa waganga karibu miaka mia mbili. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliviandika mwaka 1828, na mpaka leo saratani inayotokea humo inaitwa kwa jina lake. Mara nyingi hupita miaka thelathini hivi kati ya kuungua na saratani, na aliyeungua akiwa mtoto anaweza kusubiri mingi zaidi. Mama alisubiri sitini na miwili. Dalili zilizoandikwa pale zilikuwa mguu wake: kidonda kisichofunga kwa zaidi ya miezi mitatu, ukingo ulioinuka, damu, harufu.

Kuna jambo liliniuma kama mwalimu. Miaka yote nimesimama mbele ya kidato cha tatu nikiwaambia kwamba melanini inatukinga na saratani ya ngozi, na nikaishia hapo. Si uongo. Melanini inakinga dhidi ya jua. Darasani kwangu nina mwanafunzi mwenye ualbino, na kwake jua ndilo adui wa kweli. Anakuja na kofia pana, mikono mirefu, na losheni ile inayotengenezwa KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na bado namkumbusha kila siku, maana baridi ya Mbeya inadanganya. Tuko mita elfu moja na mia saba juu ya bahari, jua linachoma huku umevaa sweta. Lakini kwa ngozi nyeusi saratani ina njia nyingine za kuingia: kovu la moto, kidonda kisichopona, unyayo, chini ya kucha. Hilo sikuwa nimelifundisha hata mara moja. Sasa nalifundisha.

Nilipowaambia nyumbani kwamba nataka kipimo kitazamwe tena, tuliitisha kikao. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikasirika. "Daktari amesema hakuna. Wewe unatafuta nini? Usiamshe aliyelala, utalala wewe." Sikumjibu, ni mjomba. Lakini hofu ya mama ilikuwa nyingine, na ndiyo ninayoisikia kwa watu wengi tangu wakati ule. Aliningoja mpaka wote wametoka, akasema, "Mwanangu, ukimwambia daktari hatumwamini, atatususa. Kesho nikizidiwa nitampelekea nani huu mguu?"

Hofu hiyo si ya kijinga. Kwetu daktari ni mmoja, na mlango wake ni mmoja. Mtu akiisha kukupokea vizuri, kumwambia unataka mwingine athibitishe neno lake ni kama kuhesabu fedha aliyokupa mbele ya uso wake. Nikamwahidi mama kwamba sitamwambia daktari kuwa hatumwamini, kwa kuwa si kweli. Nitamwambia kwamba kidonda kimebadilika.

Na ndivyo nilivyofanya. Tangu mwezi wa tano nilikuwa nakipiga picha kila Jumapili nikienda kumwona, nimeweka rula ya wanafunzi pembeni, kwa simu ile ile, kwenye dirisha lile lile. Sikuwa na mpango wowote, ni mazoea ya maabara tu. Nilimsalimu daktari, nikamwambia mama anakusalimu na anakushukuru, nikampa simu. Akaanza kuzipitisha picha. Sentimita nne na nusu. Tano. Tano na nusu, ukingo umeanza kuinuka. Sita na nusu. Alirudi mwanzo akazipitia tena, safari hii akikuza moja moja kwa vidole. Kisha akavuta kalamu bila kuniuliza lolote akaandika barua mbili. Moja ilikuwa ya maabara, watupatie sampuli yetu. Nyingine ilikuwa ya daktari wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwenye hadubini, Dar es Salaam, na humo akaeleza yote: kovu la moto la utotoni, miezi kumi na mmoja ya kidonda, picha zimeambatishwa. Hakununa. Alipokuwa akigonga muhuri akasema, "Hii historia ya moto, mlinieleza siku ile?"

Hatukumweleza. Hakuuliza, nasi hatukusema, kwa sababu kwetu kovu lile halikuwa habari.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi wananiuliza: wataangalia nini mara ya pili, kinyama si kilishapimwa? Nami nilidhani kinaisha kama damu inavyoisha kwenye kipimo cha malaria. Hakiishi. Kinyama kikitoka kwa mgonjwa hulowekwa kwenye fomalini kisioze, kisha hukaushwa maji yake na kuzamishwa kwenye nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda, kinyama kimefungwa ndani yake kama mdudu kwenye utomvu. Mashine hukata pale utando mwembamba sana, mia mbili na hamsini hivi kwa milimita, na utando huo huwekwa kwenye kioo ukatiwa rangi mbili. Ile ya zambarau, hematoksilini, hutoka kwenye mti wa Amerika ya Kati na hushika viini vya seli. Ya waridi, eosini, hushika sehemu zilizobaki. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi slaidi za namna hiyo, bila kuwaza kwamba siku moja itakuwa ya mama yangu. Utando unaotumika ni kidogo tu. Nta iliyobaki, na kinyama ndani yake, huwekwa kabatini ikiwa na namba, inakaa miaka mingi bila friji, na inaweza kukatwa tena wakati wowote.

Maabara nilisaini kwenye daftari, nikapewa bloku moja ya nta, ndogo kuliko kiberiti, na slaidi mbili zilizofungwa kwa karatasi laini. Sikuamini kwamba mzigo wote ni huo. Wiki nzima nilikuwa nikifikiria namna ya kumsafirisha mama kilomita mia nane na zaidi, mguu umevimba, aombe basi lisimame kila akibanwa. Kumbe mama angebaki nyumbani na migomba yake, akaenda huyu mdogo wa nta.

Nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Konda alitaka mkoba uende kwenye buti, nikakataa. Buti la basi jua likipanda ni tanuru, na nta ni nta. Niliupakata. Makambako, Mafinga, Ipogolo. Kwenye miteremko ya Kitonga abiria mwenzangu aliniuliza nimebeba nini nimekikumbatia hivyo, nikamwambia ni mama. Akanitazama, hakuuliza tena, na tulipofika Ruaha Mbuyuni aliniletea maji. Tulishuka stendi ya Magufuli usiku. Asubuhi yake nikakabidhi bahasha dirishani kwenye hospitali, nikapewa risiti, nikalala kwa shangazi Kimara siku moja, nikarudi Mbeya kusahihisha mitihani ya majaribio. Hakuna aliyenipokea kwa namna ya pekee, hakuna aliyeniona msumbufu pia. Kwao ilikuwa kazi ya siku.

Siku ya tisa daktari wetu akanipigia.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia moja kati ya mawili: kwamba yule wa kwanza alikosea au kwamba alikuwa sahihi. Nilichosikia hakikuwa chochote kati ya hayo. Mtaalamu wa Dar aliikata nta upya, akazitazama slaidi za zamani na mpya, na akakubaliana na mwenzake: katika kipande hiki hakuna chembe za saratani. Kisha akaongeza maelezo. Kipande kina nyama iliyokufa, usaha na nyama changa ya kidonda. Ngozi ya ukingo haimo. Tabaka za chini hazimo. Kwa historia hii ya kovu la moto na kwa picha hizi, saratani haiwezi kuondolewa kwa kipande hiki, naomba vipande vipya, vya kina, kutoka kwenye kingo, zaidi ya sehemu moja.

Tangu usiku ule wa sista nilikuwa na hasira na mtu nisiyemjua, aliyekaa kwenye hadubini akasema hakuna. Kumbe alisema kweli. Alisoma vizuri kile alicholetewa. Baadaye niliiona nakala ya fomu iliyokwenda pamoja na kile kichupa cha kwanza: umri, jinsia, na maneno matatu, "kidonda cha mguu". Ukinipa mimi jani moja lililokauka bila kuniambia limeokotwa Kyela au Kitulo, nami nitaandika kile ninachokiona kwenye jani.

Saratani ya kwenye kovu hukua kwenye ukingo. Katikati ni jalala la kidonda chenyewe, na ukichota pale unaweza kuchota mara tatu usipate kitu. Ndiyo sababu mtaalamu akaomba kingo.

Mara ya pili mama alichomwa ganzi kwelikweli. Daktari alikata vipande vinne, juu, chini, kulia na kushoto, kila kimoja kikiwa na ngozi nzima upande mmoja na kidonda upande wa pili, na kila kimoja kwenye kichupa chake chenye jina lake na fomalini ya kutosha, mara kumi ya kinyama. Nilisimama karibu na meza. Fomu ilipofika kwenye mstari wa historia, mama mwenyewe alisema kwa sauti, "Andika, niliungua mwaka hamsini na tisa." Daktari akaandika.

Vipande vitatu vilikuwa na saratani, ile inayoanzia kwenye seli bapa za juu ya ngozi. Cha nne mtaalamu alisema hawezi kusema kwa hakika, na hapo nikajifunza jambo ambalo lilinitisha kuliko lile la kwanza. Ngozi iliyo pembeni ya kidonda cha miaka mingi, kwa kuhangaika kufunga, hunenepa na kuteremsha vidole chini ndani ya nyama, na chini ya hadubini vidole vile vinafanana mno na saratani. Daktari alinieleza kwamba kosa linaweza kwenda upande huo pia: mtu akaambiwa ana saratani na mguu ukapangiwa kukatwa, kumbe ni ngozi iliyokuwa ikijitibu. Kwa hiyo jicho la pili linamfaa hata aliyeambiwa anayo, na kabla ya kukatwa kiungo sijui kama kuna mtu asiyestahili kulipata.

Upasuaji ulifanyika Novemba 2022. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa haujaguswa. Daktari wa upasuaji aliweka mbele yetu njia mbili, kukata mguu chini ya goti au kukata kidonda chote na ngozi nzima ya kukizunguka sentimita mbili, kisha kupandikiza ngozi kutoka pajani. Hakutuficha kwamba njia ya pili ina hatari ya ugonjwa kurudi. Mama aliuliza swali moja, kama mguu utaweza kupanda shambani kwake, kwenye ule mteremko. Akachagua ya pili. Kingo za kile kilichokatwa zilipimwa nazo, zikawa safi pande zote na chini.

Mitoki ya kinena cha kushoto ilikuwa imevimba, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, maana ugonjwa huu ukitoka kwenye ngozi husafiri kwanza kwenda huko, na ungekuwa umefika tungepelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi. Walivuta kwa sindano. Jibu likaja kwamba ni maambukizi tu, seli za saratani hazikuonekana. Mara hii nililisoma neno lile vizuri. Nikauliza sindano iliingia kwenye mtoki upi, mmoja au yote, na kama ukibaki umevimba baada ya kidonda kupona tutafanya nini. Daktari akajibu yote matatu, na akaandika kwenye kadi kwamba urudiwe kupimwa baada ya miezi mitatu. Ulipungua. Umepungua mpaka leo.

Tangu nianze kuwasimulia walimu wenzangu, watu wananipigia. Wengine wanatoka Chunya, mmoja alitoka Njombe. Ninachowaambia kwanza ni kuomba namba ya sampuli na kuitunza kama namba ya kiwanja. Halafu nawauliza wanachokumbuka: kinyama kilitoka wapi, katikati au pembeni? Fomu iliandikwa nini? Mara nyingi hawajui, na mara nyingi kuna kovu, au chanjo, au kidonda cha utotoni ambacho hakuna aliyekitaja. Nawaambia wapige picha na rula. Nawaambia wasimfiche daktari wao wa kwanza, kwa kuwa barua yake ndiyo iliyotufungulia mlango, na yeye ndiye aliyekata vipande vinne vya baadaye.

Lakini kuna jambo jingine nalazimika kulisema hata kama linauma. Yupo mzee mmoja tuliyekuwa tukifahamiana, ambaye majibu yake yalikuwa wazi: saratani, kutoka vipande vizuri, vilivyosomwa na watu wawili. Hakuyakubali. Akaenda kwa wa tatu, akaenda kwa mtu wa mitishamba, akaenda kwenye maombi ya usiku kucha, kila mahali akitafuta mtu wa kumwambia hakuna. Ukaisha mwaka. Tulimzika mwezi wa pili, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliompa namba za simu za madaktari nikidhani namsaidia. Sikumwuliza alichokuwa akikitafuta. Sasa anayenipigia namwuliza: kuna jambo gani halijajibiwa? Kama lipo, kidonda kinachobadilika, kipande kidogo, historia iliyosahaulika, viungo vinavyotaka kukatwa, basi twende. Kama swali limejibiwa na linalobaki ni woga, namwambia nitamsindikiza kwenye matibabu, na namsindikiza.

Kuna mtu alinishauri tulalamike kuhusu kile kipimo cha kwanza. Nilimwuliza mama. Alifikiri kwa muda, kisha akasema yule kijana alikata kidogo kwa sababu alimwonea huruma, na kwamba mtu amwambie tu, asimshitaki. Nilikwenda nikamwambia. Nilimkuta na foleni ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuziona picha tena, akaniuliza kama anaweza kuzitumia kuwafundisha wanaokuja mafunzoni. Mama akakubali, mradi sura yake haimo.

Mguu umepona. Ngozi iliyopandikizwa ina rangi tofauti kidogo na ina mabaka kama ramani. Mama haipaki chochote ila mafuta ya parachichi na anavaa soksi ndefu akienda shamba. Kliniki ni kila baada ya miezi mitatu, daktari anabonyeza kinena, anapitisha kidole kuzunguka ukingo wote wa kovu, wala haharakishi.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa jikoni, jiko la sasa lina bati na ukuta, mama akaniuliza ghafla, "Hivi kile kinyama changu cha kwanza kiko wapi?"

Nikamwambia nilikirudisha maabara, kiko kabatini, kwenye nta yake, kina namba.

"Kitakaa mpaka lini?"

"Miaka mingi, mama."

"Nisomee hiyo namba."

Nikaitafuta kwenye simu nikamsomea. Aliniambia nisubiri, akaenda chumbani akarudi na daftari lake la kwaya ya akina mama, akafungua ukurasa wa mwisho alikoandika tarehe za kuzaliwa kwetu sote watano. Akanipa kalamu, maana macho yake hayaoni vizuri jioni, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuandika, chini ya jina la mdogo wetu wa mwisho.